Namba ya Mama

Mama yake Mpima aliingiza namba yangu kwenye simu tarakimu moja moja, kwa kidole kimoja, miwani imemshukia puani. Nilimtajia polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji wa moto. Tulipofika tarakimu ya saba akasimama. Akaangalia kioo cha simu, akaniangalia mimi, kisha akamalizia tatu zilizobaki mwenyewe, bila kuniuliza.

"Ndiyo hii?" akasema, akinigeuzia simu.

Ilikuwa yangu. Juu yake palikuwa na jina tayari, neno moja tu: Yule.

Ngoja nikurudishe nyuma nusu saa, usije ukadhani niliingia nyumbani kwa watu nikiwa na balaa mkobani.

Niliingia nimevaa gauni la kuazima kwa dada yangu na viatu vilivyonibana, kama mwanamke yeyote anayepelekwa kwa mama mkwe mtarajiwa. Aliyenipeleka ni Mpima. Ana jina lake kama watu wote, ila tangu siku ya kwanza nilimwita kwa kazi yake ya kupima ardhi, naye ananiita Dada Picha kama wanavyoniita wote stesheni. Tulikuwa na miezi mitano. Si mingi, lakini mimi nimeshaachwa mara mbili, ya kwanza kwa barua na ya pili kwa kimya, na mtu wa namna hiyo kila mwezi huuona mrefu.

Kesho yake asubuhi Mpima alikuwa anasafiri. Miezi mitatu, mwisho wa reli, kupima njia ya barabara mpya. Alitaka mama yake anijue kabla hajaondoka. Mlangoni akanionya nisimtanie sana. Nikamwambia mimi nikiacha kutania naanza kulia, achague kimoja. Akacheka, akaniwekea sawa mkufu shingoni, na vidole vyake vikachelewa pale kidogo kuliko mkufu ulivyohitaji.

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Mama yake ni fundi wa nguo. Cherehani ilikaa kwenye kona imefunikwa kitambaa, na vipande vya uzi vilikuwa vimenasa hata kwenye mto wa kiti nilichopewa. Ukutani palikuwa na picha moja tu, kubwa, kwenye fremu ya mbao. Kijana wa shati jeupe, kidevu kimenyolewa mpaka kinang'aa, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kola imesimama upande mmoja.

Niliijua kabla sijakaa. Mwanga unaoingia kutoka kushoto na ukuta mweupe nyuma ya masikio, huo ni ukuta wa geti la tatu, saa mbili asubuhi, jua likipita kwenye paa la vioo. Hiyo picha nilikuwa nimeipiga mimi.

Kazi yangu ya kula ni harusi na picha za vitambulisho. Ya stesheni ni ya moyo. Nasimama karibu na ngazi za umeme, na akipita mtu ambaye uso wake una kitu, namwomba dakika moja pale ukutani. Napiga moja tu. Kisha namuuliza namba, nikamtumia. Sijawahi kuandika neno chini ya picha. Niliona maneno yanaichafua; uso useme wenyewe. Na kuna jambo nimelijua katika kazi hii: ukimuuliza mtu namba ghafla, ana mzigo na anakimbilia treni, atakutajia ya mama yake. Ya kwake mwenyewe haijui. Ya mama anayo kichwani tangu utotoni.

Basi nikafurahi. Nakiri hapa mbele yako, nilifurahi. Nikaona niiweke ile habari mdomoni kama peremende, niitoe wakati mzuri: mama, ile picha yako mpigaji ndiye huyu. Mpima aliwahi kunitajia kwamba kaka yake mkubwa alifariki, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, nami sikuufungua. Kwa hiyo nilikaa chini ya picha ya marehemu nikitabasamu kama niliyeshinda zawadi.

Mama yake alinipokea vizuri. Aliuliza kwetu, akauliza kama wazazi wapo, akasema gauni linanipwaya mabegani na angelipunguza kama ningelivua. Alinipenda, niliona. Ndipo akasema anipe namba yake na achukue yangu, ili mwanawe akiwa safarini tujuliane hali. Na hapo ndipo tulipofika tarakimu ya saba.

Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliiweka simu mezani katikati yetu watatu, akafungua ujumbe wa Yule. Palikuwa na picha mbili. Ya juu ilikuwa ile ya ukutani. Ya chini ilikuwa ya Mpima, begani amebeba ile miguu mitatu ya kipimo chake, siku niliyokutana naye. Kati ya hizo miaka miwili, na mimi nilipotuma ya pili sikuangalia kilichokuwa juu yake. Hapakuwa na neno, si juu wala chini.

Alieleza kama anavyosoma vipimo vya mteja. Asubuhi ile aligombana na mwanawe mkubwa kwa sababu ya ndevu. Kijana alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi mwisho wa reli, naye akamwambia hakuna anayemwajiri mtu mwenye uso kama ufagio. Kijana akatoka bila kuaga. Saa mbili na kitu simu ikatoa mlio, namba asiyoijua, uso wa mwanawe, basi. Saa tano na nusu wakapiga kutoka kule. Alishuka salama kwenye treni. Mbele ya stesheni kuna barabara pana, akaingia kuivuka, na lori halikusimama.

Baada ya mazishi aliipigia ile namba. Alisikia mwanamke anacheka, na nyuma yake kelele za stesheni. Akakata, akaihifadhi.

"Nilikuwa nacheka, mama," nikasema. "Mimi nacheka muda wote. Sikujua."

"Najua hukujua." Akaivuta simu karibu. "Miaka miwili ikapita. Siku moja nipo kwenye cherehani, Yule akarudi. Na safari hii ni huyu."

Akamwonyesha Mpima kwa kidevu tu. Nilimtazama Mpima. Alikuwa akiitazama simu.

"Siku ile uliponipigia kwamba kifua kinakubana," akasema.

"Sikuwa naumwa."

"Nilishuka stesheni ya kwanza, mama. Nikarudi mbio."

"Ndiyo. Na uko hai."

Mimi hiyo siku naikumbuka kwa upande wangu. Nilimpiga picha asubuhi, akaenda, na kabla ya saa sita nikamwona anapanda ngazi za umeme kwa mbio, vikorokoro na vyote. Nikamtania kwamba amerudi kabla picha haijapoa. Akasema mama mgonjwa. Kesho yake alipokuja kupanda treni tena nilimuuliza hali ya mgonjwa, akasema alimkuta anakunywa chai, na kwa kuwa tumeitaja chai, je, mimi nakunywa? Ndivyo tulivyoanza. Nilikuwa nikiisimulia hadithi hiyo kwa kila mtu. Nilidhani ni nzuri.

Mama yake naye alikuwa amefika hapohapo kimawazo. Alikaa akiangalia mikono yake.

"Kumbe ni mimi niliyemrudisha kwako," akasema. Kisha, taratibu: "Sikulaumu, binti. Unaonekana mtu wa watu. Lakini mimi nilikuwa na wawili, nina mmoja. Kesho anakwenda kulekule. Usimwelekezee tena kile kitu chako. Na kama unampenda kweli, mwache."

Ile habari yangu ilikuwa bado mdomoni, na sasa ilikuwa nyingine kabisa. Maana nilikuwa nimeshamkumbuka yule kijana, na nilikumbuka alichoniambia siku ile. Yalikuwa maneno ya kumfikia mama, si ya kukaa nayo mimi. Lakini alikuwa ameshasimama kuondoa vikombe, na mgongo wake ulisema mazungumzo yameisha.

Mpima alinisindikiza hadi kituo cha basi. Tulitembea tumeachiana nafasi, kama watu waliokutana njiani tu. Alisema mama yake amefiwa, na mfiwa hutafuta pa kushika; alisema picha haiui mtu, lori ndilo linaloua. Nikamwambia namjua vizuri mtu anayejipa moyo kwa kuongea sana, kwa sababu ndiye mimi. Akasimama chini ya nguzo ya umeme, akanishika mikono yote miwili.

"Nipige picha kesho," akasema. "Palepale ukutani. Naenda, narudi baada ya miezi mitatu, naingia kwa mama na ile picha mkononi. Yataisha. Vinginevyo atatuweka hivi maisha yote."

"Na usiporudi?"

"Basi utakuwa na picha nzuri."

Alikuwa ananitania kwa mtindo wangu mwenyewe. Nikacheka kwa mazoea, na kicheko kilinitoka kikavu mpaka nikatamani kukirudisha. Nikakubali.

Nilipofika chumbani nilijisemea mimi si mtu wa mambo hayo. Kisha nikafanya jambo la mtu wa mambo hayo. Nilifungua picha za zamani kwenye simu na kuanza kupigia namba, nikijifanya nataka kujua kama walizipenda. Ya kwanza alipokea mama mmoja mchangamfu, akasema mwanawe yupo, amelala tu, uvivu. Ya pili haikupatikana. Ya tatu haikupatikana. Ya nne alipokea mwanamume, nikataja picha ya msichana wa kilemba cha njano, akazima redio iliyokuwa inaimba nyuma yake, kisha akauliza mimi ni nani. Nikakata. Sikupiga ya tano.

Asubuhi stesheni ilikuwa kama siku zote, na hilo ndilo lililoniudhi. Sakafu inang'aa, sauti ya mwanamke wa matangazo haijui huzuni wala furaha, ubao wa umeme unabadilisha saa na majina ya miji. Treni ya saa mbili na nusu, mwisho wa reli. Mpima alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa shati jeupe. Nilitaka kumuuliza kwa nini jeupe, siku zote hizi na leo jeupe, nikajizuia.

Akasimama ukutani. Akashusha begi, akajaribu kuweka uso wa mtu jasiri, ukamshinda, akabaki na uso wake. Nao ndio niliokuwa naupenda. Nilikuwa sijawahi kumpiga picha tangu ile siku ya kwanza. Nilikuwa nikimwangalia tu, bure, kwa macho, na nilikuwa nimeona inatosha.

Nikainua kamera. Mwanga kutoka kushoto ukamkaa vizuri shavuni. Kola yake ilikuwa imesimama upande mmoja.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nimebonyeza kitufe hicho maelfu ya mara, harusini mbele ya wakwe waliochukiana, mvuani, hata siku niliyoachwa kwa barua nilikwenda kazini nikabonyeza. Nilikiambia kidole kishuke. Hakikushuka.

"Mbona hupigi?" akauliza Mpima.

"Betri imeisha."

Akanitazama. Alijua. Kijitaa cha kijani cha kamera kilikuwa kinawaka wazi kati yetu, na yeye ni mtu anayeishi kwa vipimo. Lakini hakunibishia. Alisema basi tumekuwa wawili, simu yake nayo ina asilimia nne, alisahau kuichaji kwa kufungasha. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Miezi mitatu, Dada Picha. Usihame ukuta."

Nikamshusha kola kwa mkono wangu, pande zote mbili, nikaibonyeza mpaka ikalala. Nikamwambia akishuka kule asikimbie. Akasema sawa. Akapita getini, akashuka na ngazi, kichwa ndicho kilichotoweka mwisho.

"Hukupiga."

Niligeuka. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma nyuma ya nguzo, mkoba mapajani. Sijui alikaa pale tangu saa ngapi. Hakumuaga mwanawe, alikuja kunichunga mimi nisipige.

"Betri, mama," nikasema.

"Na mimi nilisema kifua."

Akasogeza mkoba, akanipa nafasi. Nikakaa. Chini yetu treni ikaondoka bila kishindo, treni za siku hizi huondoka kama mtu anayetoroka. Nikaona kama sitasema sasa sitasema tena.

Nilimwambia kwamba yule kijana wa shati jeupe namkumbuka. Alikuwa na haraka. Nilimtania kuhusu kola yake, ndipo akacheka, ndipo nikapiga. Nilipomwomba namba alianza kutaja, kisha akaniambia hiyo ni ya mama yake, na akanipa maneno ya kupeleka. Sikuyapeleka. Mimi huwa siandiki maneno.

"Alisemaje?"

"Alisema, mtumie mama aone nimenyoa. Mwambie nimemsikia, na kweli nimependeza."

Hakulia. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, kama alivyosema yeye hasa, na kicheko kama kilikuwepo nikiweke mahali pake. Nikakiweka baada ya neno la mwisho.

"Miaka miwili nilidhani umetuma wewe," akasema mwishowe. "Kumbe alituma yeye."

Alifuta miwani kwa pindo la nguo, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Kisha akainuka, akaenda kusimama pale ukutani, kwenye alama ya miguu ya watu wangu wote, akanyoosha mgongo.

"Sasa nipige mimi."

Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilishajua.

"Mpelekee yeye. Na safari hii uandike." Akaiweka miwani sawa. "Na kama ni kitu kinachokwenda kwa zamu, zamu iwe yangu."

Nilisita, Mungu ananiona. Lakini aliniangalia kwa macho yaleyale ya Mpima, macho yasiyokubali kubishiwa kuhusu kipimo, na safari hii kidole kilishuka. Picha ilitoka nzuri mno. Nikaihamishia kwenye simu, na chini yake, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nikaandika alichonitajia: Mama anasema ukishuka, angalia pande zote mbili ndipo uvuke. Nikaituma kwa Mpima.

Tiki moja ya kijivu, haijamfikia.

Tukarudi kwenye benchi. Treni ilitakiwa kufika saa tano kasoro robo. Mama aliniuliza kuhusu kuachwa kwangu, nikamsimulia ile barua, akasema yule mwanamume hakujua hata kuandika. Alishika mshono wa gauni langu begani, akaukagua. Akasema nikija tena nilivue alipunguze. Nilisikia lile neno 'tena', nikalificha. Kila baada ya muda tuliangalia simu yangu. Tiki moja.

Saa tano kasoro robo ubao ulionyesha treni imefika. Tiki moja. Kasoro dakika kumi, moja. Mama alikuwa ameushika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa na vidonda vidogo vya sindano.

Saa tano kasoro dakika tano, simu iliyotoa mlio ilikuwa ya kwake.

Alivaa miwani. Niliona uso wake kabla ya kuona simu. Namba isiyojulikana, picha moja, bila neno. Mpima, shati jeupe, begi begani, jua kali usoni. Anacheka. Kola upande mmoja ilikuwa imeshasimama tena.

Nilimwambia haraka kwamba hii ni habari njema. Simu yake imezima, nikasema, amemwomba abiria mwenzake ampige picha na kuituma, na namba aliyokuwa nayo kichwani ni moja tu, ya mama. Nilimwambia watu wengi hutuma picha tupu, ndiyo desturi yao, hawaandiki chochote. Najua, nikasema, mimi ndiye mwenye tabia hiyo. Niliongea sana. Nilipiga ile namba palepale mbele yake, ikaita, ikaita, haikupokelewa.

Mama hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameinamia kioo, pua karibu ikiguse.

"Yuko upande gani wa barabara?" akauliza.

Nikaichukua simu, nikaweka vidole viwili juu ya uso wa mtu ninayempenda, nikaikuza picha, nikaanza kutafuta stesheni nyuma yake.